"Wakati wa Mzungu Kulikuwa na Nidhamu": Tuliyojifunza kwa Kuongoza Mdahalo Huu Nairobi

Sentensi yenyewe huja ikiwa imeiva. Mzee anakunja gazeti, analipiga gotini, kisha anasema: "Nyinyi vijana hamjui. Wakati wa Mzungu hii Nairobi ilikuwa safi, shule zilikuwa shule, na shilingi saba ilikuwa dola nzima." Kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mmoja anajibu kwa Mau Mau, mwingine kwa Korea Kusini, wa tatu anauliza ni nani amemlipa mzee, na baada ya dakika 20 watu wanatawanyika kila mtu na msimamo aliokuja nao.

Sisi tunaoongoza midahalo ya namna hii, kwenye viti vya bustani ya Jeevanjee, kwenye kumbi za Eastlands na kwenye vilabu vya historia vya shule, tumeona kwamba inaharibika pale pale kila mara. Ile sentensi ya mzee ina madai matatu ndani yake: usafi, shule, shilingi. Kila dai lina kipimo chake na jibu lake. Ukiyajibu yote kwa pumzi moja umeshapoteza mdahalo, hata kama una haki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi ya manila ukutani na kalamu nene. Andika maswali matatu: *Ya nani? Mwaka gani? Kwa kipimo gani?* Mtu akitoa dai, mwenyekiti anaonyesha karatasi, na msemaji haendelei mpaka ajibu yote matatu. Msemaji apewe dakika 4. Dakika 3 ni chache, wazee hawajafika kwenye hoja. Dakika 5 ni nyingi, vijana wanaanza kuhutubia. Na usianze na wasemaji walioandaliwa kwa pande mbili. Ukimwambia mtu "wewe utatetea ukoloni", atautetea mpaka jioni hata asichoamini.

Swali la mwaka ndilo linalovunja hoja nyingi, tena bila ugomvi. Kumbukumbu haina kalenda. Mzee aliyezaliwa 1950 alikuwa na miaka 13 bendera ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Anachokumbuka kama "enzi za mkoloni" mara nyingi ni miaka 10 au 15 ya kwanza ya Uhuru. Sikiliza mifano anayotoa. Akitaja maziwa ya bure shuleni, hayo ni ya Moi, yalianza 1979. Akitaja kusoma bila karo darasa la kwanza hadi la nne, hiyo ni amri ya Kenyatta ya Desemba 1973, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 1974. Akitaja kusimama mbele ya KICC, jumba la mikutano la kimataifa, likiwa jipya, jengo hilo lilikamilika 1973. Basi za KBS, kampuni ya mabasi ya mjini, zilikuwepo kweli tangu 1934, lakini ukimuuliza alipanda akienda wapi, atakwambia kazini, na hiyo kazi aliipata 1972.

Usimcheke. Alichokiona alikiona. Kati ya 1964 na 1973 uchumi wa Kenya ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, ajira serikalini zilikuwa zinawangoja waliosoma, na aliyemaliza kidato cha nne alipata dawati ofisini. Kumbukumbu ni sahihi, kilichokosewa ni lebo. Kumwambia mzee hivyo, kwa adabu, kunabadilisha mazungumzo yote, kwa sababu sasa swali linakuwa gumu zaidi na la maana zaidi: kama tulikuwa tunapanda baada ya Uhuru, tulianza kuteremka lini, na nani alikuwa ameshika usukani? Hapo mtaingia kwenye bei ya mafuta ya 1973 na 1979, mashirika ya umma yaliyonyonywa, masharti ya wakopeshaji ya miaka ya 1980, kashfa ya Goldenberg. Mkoloni hayumo.

Shilingi haihitaji muda mrefu, ila ni lazima mtu mmoja chumbani aielewe vizuri. Ni kweli dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki ilitolewa na bodi ya sarafu iliyokaa London, ikafungwa kwa pauni: shilingi 20 kwa pauni moja, iwe mvua iwe jua. Dola ikipanda au ikishuka mbele ya pauni, shilingi inafuata. Kabla ya Septemba 1949 pauni ilikuwa dola 4 na senti 3, kwa hiyo dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 5. Serikali ya Uingereza ikashusha pauni hadi dola 2 na senti 80, na shilingi ikajikuta kwenye 7. Siku hiyo hakuna kahawa iliyonyauka Ruiru wala ng'ombe aliyekufa Naivasha. Anayetaka kutumia kiwango cha kubadilisha fedha kama kipimo cha neema aeleze kwanza siku hiyo. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: mtu wa mshahara wa chini alifanya kazi siku ngapi kununua debe la mahindi, au kulipa kodi?

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo swali la *ya nani* linapouma. Pato la wastani la Mkenya wakati wa Uhuru lilikuwa kama dola 100 kwa mwaka kwa dola za wakati ule. Wastani ni chombo kibaya sana kwa nchi ya namna hiyo. Sensa ya 1962 ilihesabu watu milioni 8.6, Wazungu walikuwa karibu 56,000, watu wa asili ya Asia karibu 177,000. Wale 56,000 walikuwa na Nyanda za Juu zilizotengwa kwa ajili yao, karibu ekari milioni 7.5, kwa hati ambazo tangu sheria ya 1915 zingeweza kuwa za miaka 999. Ukichanganya mapato yao na ya skwota wa Molo halafu ukagawanya, unapata mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Skwota huyo, kwa sheria ya 1918, alidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake kwenye shamba la bwana. Kibarua wa kawaida alifanya kazi kwa tikiti ya siku 30. Watu husikia "siku 30" wakafikiri ni mwezi. Zilikuwa siku 30 zilizofanywa kazi na kuwekewa alama. Siku uliyougua haikuhesabiwa, wala siku ambayo nyapara alisema umeharibu kazi. Tikiti moja ingeweza kula wiki 6. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilifika shilingi 16 mwaka 1921, ikateremshwa hadi 12 baada ya manung'uniko yaliyomfanya mwanasiasa Harry Thuku kuwa jina kubwa, na mwenye wake wawili alilipia vibanda viwili. Kwa wengi wa shambani, shilingi 12 ilikuwa mshahara wa tikiti nzima. Weka hesabu hiyo ubaoni, iache pale, usiseme neno. Chumba huwa kinanyamaza chenyewe.

Kama kuna familia yenye kipande cha zamani, kile kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, omba kiletwe. Picha haifanyi kazi ile ile. Ni kikopo kidogo cha chuma, kinatosha kwenye kiganja, chenye tundu la kupitisha kamba ya shingoni. Wako Wakikuyu waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Ndani mna karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo ikachanika: jina, kabila, wilaya, alama za vidole, kisha safu. Mwajiri. Aina ya kazi. Mshahara. Tarehe ya kuanza. Tarehe ya kuachiwa. Sahihi. Ile safu ya mwisho ndiyo ya kuonyesha kwa kidole, kwa sababu bila sahihi ya mwajiri kwamba amekuachia, kuajiriwa kwingine kulikuwa kosa, na kuondoka kulikuwa utoro unaofikishwa mahakamani. Mwanamume wa Kiafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Mzungu hakuvaa kitu shingoni isipokuwa tai. "Nidhamu" ile inayosifiwa ilikuwa na karatasi, na karatasi yenyewe ndiyo hiyo mezani.

Kuhusu usafi wa Nairobi, uliza mtaa. Muthaiga, mtaa wa matajiri, ilikuwa safi, bado ni safi. Mji wa kabla ya Uhuru ulikuwa na watu chini ya 300,000. Sensa ya 2019 ilihesabu milioni 4.4. Na wale wachache nao walichujwa: Mwafrika alikuwa mjini kwa kazi, kazi ikiisha aondoke. Vyumba vya Eastlands vilijengwa kwa hesabu ya mwanamume asiye na familia, kitanda chake na sanduku lake. Tume ya Carpenter, ya serikali yenyewe ya kikoloni, iliripoti mwaka 1954 kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepangwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na kwamba sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mjini hawakupata hata cha kuwatosha wao wenyewe. Ripoti hiyo ina faida ya pekee kwenye mdahalo, kwa sababu haiwezi kuitwa propaganda za wapigania uhuru. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, Operesheni Anvil, msako wa kijeshi dhidi ya Mau Mau, ilizingira Nairobi na kuzoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mji uliopunguzwa watu kwa bunduki utaonekana nadhifu kwa muda.

Lakini hoja ya shule ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo ambayo wajuaji wengi huikosea. Dai ni hili: mtu wa KAPE, mtihani wa Waafrika wa kumaliza darasa la nane, aliyeishia hapo miaka ya 1950, aliandika Kiingereza kuliko mwenye digrii wa leo. Kijana anayekataa kabisa hujiaibisha, maana mzee atatoa barua yake yenye mwandiko kama wa mashine. Kubali. Kisha uliza: mliingia darasa la kwanza wangapi, na mlifika la nane wangapi?

Mfumo ulioletwa na ripoti ya Beecher ya 1949 ulikuwa wa miaka 4, kisha 4, kisha 4. Baada ya minne ya kwanza kulikuwa na mtihani wa mchujo, nao ndio uliowamaliza wengi: mtoto wa miaka 11 au 12, mara nyingi aliyechelewa kuanza kwa sababu ya mbuzi au karo, anaambiwa amemaliza elimu. Waliopita waliendelea na miaka minne ya kati, wakakutana na KAPE, na baada ya KAPE wachache wakaingia sekondari. Mwaka wa Uhuru watoto wa shule za msingi walikuwa karibu 892,000. Wa sekondari walikuwa kama 30,000, katika shule 151 nchi nzima, za rangi zote. Yaani kwa kila watoto 30 wa msingi, mmoja wa sekondari. Mzee mwenye barua nzuri ni aliyepita kwenye chujio mbili. Kumlinganisha na mwanafunzi wa kawaida wa leo ni kulinganisha timu ya taifa na watoto wote wa mtaa waliokuja kucheza. Linganisha naye walioongoza katika mitihani ya leo, ndipo uone.

Na wale walioanguka darasa la nne wako wapi kwenye mdahalo? Hawaji. Kama wapo hai, hawakai Jeevanjee na gazeti. Hili ni jambo la kumkumbusha kila mwenyekiti: sauti inayosifu shule ya zamani ni ya aliyefaulu ile shule.

Upande wa rangi, mifano mitatu inatosha, ukizidisha inakuwa mahubiri. Tangu 1942 sheria iliwalazimu watoto wa Kizungu kusoma, na serikali ikawajibika kuwapa nafasi. Kwa mtoto wa Kiafrika sheria kama hiyo haikuwepo. Alliance ya wavulana ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ile ya wasichana ikangoja hadi 1948. Shule za kujitegemea za Wakikuyu, za vyama vya KISA na Karing'a, zilizojengwa kwa michango ya wazazi na kuwa na chuo chao cha walimu Githunguri tangu 1939, zilifungwa Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Uwanja wa chuo kile ukageuzwa mahali pa kunyongea watu. Mtu akisema "mkoloni alituletea elimu", huyo mfano wa tatu ndio wa kumpa, kwa sauti ya chini.

Sasa upande wa pili, kwa sababu nao una takataka zake, na mwenyekiti asiyezizoa hatasikilizwa na wazee. "Reli ilijengwa kwa kodi zetu." Hapana. Reli kuu ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, ililipwa na Bunge la Uingereza, zaidi ya pauni milioni 5, wakati kodi ya kibanda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kilicholipwa na Waafrika ni uendeshaji wa baadaye na nauli za mizigo zilizopangwa kumpendelea mlowezi. Ukitazama ramani ya matawi utaona yalikokwenda: Kitale, Solai, Nyahururu, Nanyuki. (Kuna tawi la Butere, mtu wa kutoka Magharibi atakukumbusha, na ana haki.) "Wahindi wote ni wajukuu wa vibarua wa reli." Hapana tena: waliletwa kama 32,000, karibu 2,500 wakafa, wengi wakarudi kwao, na wachache kuliko 7,000 ndio waliobaki; wenye maduka wengi walikuja wenyewe. "Waingereza waliua watu 90,000." Takwimu hiyo ya Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya inahesabu waliouawa, walioteswa na waliolemazwa kwa pamoja. Waliouawa kwa hesabu rasmi ni zaidi ya 11,000, wanahistoria wengi wanaona ni pungufu, na walionyongwa kwa hukumu ni zaidi ya 1,000. Namba hizo zinatosha kabisa, hazihitaji kutiwa hamira. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa.

Korea Kusini italetwa, haikosi: kwamba wakati wa Uhuru tulikuwa sawa nao au tuliwazidi. Jibu fupi: miaka ya mwanzo ya 1960 mapato ya Wakorea kwa kichwa yalikuwa juu kuliko yetu, si chini, ingawa si kwa mbali. Jibu refu lina maana zaidi. Wakorea walikuwa wamegawa upya ardhi mwaka 1950 na kufikia 1960 karibu kila mtoto wao alikuwa shule ya msingi. Sisi wakati huo ndio tulikuwa tunakopa kununua mashamba ya walowezi, mpango wa ekari milioni moja uliowapa ardhi familia kama 35,000, na wenye kulipa deni walikuwa hao hao waliopewa. Hatukuanzia mstari mmoja. Ila usimruhusu mtu atumie hilo kama kisingizio cha miaka 60 yote iliyofuata. Nusu ya chumba itakuwa inangoja useme hivyo ili ikuzomee.

Wabishi wakikwama kwenye takwimu, msibishane, nendeni mkaangalie. Jumba la Nyaraka za Kitaifa liko pale Moi Avenue, ambapo watu husema tukutane Archives bila kuingia ndani hata siku moja. Enda na kitambulisho, jaza fomu, lipa ada ndogo ya mtafiti, beba penseli. Usiombe "mambo ya ukoloni", utaletewa mlima. Omba ripoti za mwaka za wilaya moja: faili za Machakos huanza na DC/MKS, za mkoa wa Nyanza PC/NZA, za mkoa wa kati PC/CP. Chagua miaka 2 iliyoachana kwa miaka 10, soma kurasa za kodi, kazi na shule tu. Saa 3 zinatosha. Ujue unasoma maneno ya DC, mkuu wa wilaya, anayetaka kupandishwa cheo: njaa ataiita "upungufu", na barabara ya kilomita chache itapata aya nzima. Kwa takwimu za nchi, vitabu vya mwaka vya idara ya takwimu vinafaa zaidi, lakini tazama kama safu inasema "Waafrika" au "wote", kosa hilo tumeliona likipotosha hoja za watu wazima. Maktaba ya McMillan pale Banda Street nayo ina magazeti ya zamani. Ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao, na wale simba wawili wa mlangoni wameona Waafrika wakiingia kusoma kwa miongo michache kuliko unavyodhani.

Mara nyingi, hata hivyo, anayesifu mkoloni hazungumzii mkoloni. Anazungumzia kanjo, askari wa jiji, aliyembebea mboga asubuhi, maji yasiyotoka tangu Jumanne, mjukuu mwenye digrii anayeendesha boda. Hayo ni malalamiko ya leo, ameyavisha koti la jana kwa sababu ya jana hayana wa kumkamata. Tunatenga dakika 15 za mwisho kwa ajili hiyo, na karatasi nyingine ukutani isiyo na neno "mkoloni" hata moja.

Na mzee akikubali kurekodiwa, usimuulize mwaka, atakukisia. Muulize alikuwa na urefu gani nzige walipokuja, kama ni wa kizazi cha miaka ya 1920. Muulize kama alishaoa wakati wa Anvil. Mafuriko ya mwisho wa 1961, daraja la kwao lilibebwa? Alilipa karo kwa mkono wa nani, na ng'ombe aliyeuzwa aliitwaje. Jina la ng'ombe wanalikumbuka, na likishatoka, mwaka hufuata wenyewe.